Anza na Mume Wangu

Juzi nilikuwa sokoni Mwigobero, kando ya ziwa, nanunua dagaa, akaja mzee mmoja, mstaafu wa kikosi cha jeshi kilichokuwa kikiokoa watu kwa helikopta. Anaandika historia ya kikosi chake, na alisikia kwamba mama aliyekuwa akiniuzia dagaa aliokolewa na kikosi hicho mtumbwi ulipozama ziwani.

Akawasha simu arekodi. "Mama, tueleze tulivyokuokoa."

Mama akaifunika simu kwa kiganja. "Anza na mume wangu. Alinisukuma nitangulie kwenye kamba yenu, mkamwashiria asubiri."

"Tulirudi, mama. Tulizunguka mpaka mafuta yakakaribia kuisha. Hatukumwona."

"Najua mlirudi. Nilikuwa ufukweni, nilikuwa nasikia mlio wa helikopta tu. Sasa uandike hivyo, na jina lake liwepo. Kama halipo, na mimi unitoe."

Mzee akakaa juu ya ndoo. "Rubani wetu alilia njia nzima," akasema. "Hatujawahi kumwambia mtu."

"Na hilo uliandike."

Historia za vikosi nilizosoma hujaa medali na watu waliookolewa. Hii nitainunua.

Mama akaondoa kiganja, akainamia simu, akataja majina yote ya mumewe, polepole, kama anayemwita.