Thripi Saba wa Tawi Kavu

Wenzake walimwita Bibi Thripi, naye alicheka nao. Thripi ni vidudu vyembamba, vidogo kuliko punje ya ufuta. Wale wa vitunguu kila mkulima anawajua kwa hasara zao. Yeye, fundi wa maabara ya kilimo kwa miaka ishirini na miwili, aliwapenda wasiojulikana, wanaokaa kwenye matawi makavu na kula ukungu.

"Hawaharibu kitu, nani atawajali?" mkuu wake alimuuliza.

"Mimi hapa."

Jumapili mdogo wake wa kiume alimsaidia: alipiga matawi juu ya sahani nyeupe, akaokota walioanguka kwa ncha ya brashi. Ndivyo walivyopata, kwenye mti mmoja, saba wasioingia katika ukoo wowote kitabuni. Wiki iliyofuata mti ule ulikatwa kupisha ukuta.

Kisha mdogo wake akalazwa, figo.

"Dada, wale saba wetu wamepata ukoo?"

"Ukoo haupatikani kwa siku moja."

"Basi kaza mwendo, mwenzio nafunga mizigo."

Ukoo hujulikana kwa pingili za vipapasio vya kichwani; ili zihesabike, thripi hulowekwa katika magadi makali mpaka nyama iyeyuke, abaki angavu kama kioo. Muda ukizidi, huyeyuka mzima. Kanuni ni kubakiza nusu ya wadudu kwenye spiriti. Asubuhi ile, kwa haraka, aliwaloweka wote saba katika kibakuli kimoja. Angewatoa saa saba. Saa nne hospitali ikapiga simu.

"Leo si siku ya kazi?" mdogo wake alimuuliza alipofika kitandani.

"Ni siku ya kazi."

"Na wale wetu?"

Saa ya ukutani ilikuwa sita na robo. Kwa pikipiki angewahi maabara.

"Nimeshawatoa. Wako salama."

"Wana ukoo?"

"Wana wa kwao peke yao."

"Muongo wewe," alisema, akatabasamu, wala hakuuachia mkono wa dada yake.

Saa tisa mkono wa mdogo wake ulilegea.

Siku ya tano alirudi kazini. Kibakulini mlikuwa na maji ya rangi ya chai hafifu na kipande kimoja cha bawa. Akamwandikia mtaalamu wa ng'ambo aliyekuwa akisubiri vielelezo, akieleza pingili kadiri alivyozikumbuka, na jina la aliyewakusanya. Mtaalamu alijibu kwa upole kwamba bila mdudu hakuna ukoo.

Hilo alilijua tangu pale hospitali, akiwa ameushika mkono.