Kilio cha Kapitene Mwepu, Mutu Niliyemuua Bila Kuuliza

Mkasa huu mama yangu ameukataza mezani, juu baba akiukumbuka anacheka mpaka bukari, ugali wetu, inamutoka puani, basi nauandika hapa, nanyi chekeni mukijua kwamba aibu hii ni yangu peke yangu na muji wetu wa Kashikishi muzima unaijua, hata samaki wakavu pale sokoni.

Kuna jukwaa moja la intaneti ambapo tunatunga hadisi pamoja, kila mutu na mutu wake wa kubuni: unaandika anachofanya wako, halafu unangoja mwenzako aandike wa kwake. Wangu alikuwa muvuvi anayeiba nyavu (sikutafuta mbali). Adabu za muchezo ni chache tu: humusogezi mutu wa mwenzako bila kumuomba, kumuua usithubutu, na ukitaka kusema kwa kinywa chako mwenyewe unatia maneno katika mabano, kama hivi (ni miye Fifi, naomba ruhusa), ili wote wajue hapo si hadisi. Kwangu miye adabu hizo zilikuwa kama kuvaa viatu kwenda kuoga.

Sasa kulikuwa na Kapitene Mwepu, mwenye kofia nyekundu, anayeimba akishika usukani. Aliyemuandika alijiita Kofia tu, na kwa siku kadhaa alikuwa kimya. Miye nikaanza kujiuliza: hivi kapitene akifa, hadisi itaenda wapi? Nilitaka tu kuona. (Udadisi wangu huu siku moja utanifungisha.) Basi wakati wa mapumziko, nikiwa nimejificha nyuma ya darasa, nikamuua. Sikuomba ruhusa, sikuweka mabano, nikarudi kwenye hesabu nikiwa na furaha kabisa.

Kutoka masomo nikasikia kilio kwa Papa Diacre, shemasi wetu, yule anayevuka ziwa Mweru kununua samaki ng'ambo ya Congo. Uwanja umejaa, wanawake wameketi chini, mama yangu anakoroga sufuria kubwa. Papa Diacre amekufa! Miye ni mutu wa kwaya, kulia ni kazi yangu, nikajitupa chini nikalia kuwapita wote, mpaka jirani mmoja Mubemba akanishika mabega: "Mayo, huyu mutoto alimupenda sana!"

Nilipopata pumzi nikamuvuta Tantine Bea, mudogo wa muke wa shemasi, Maman Diacre. "Tantine, amekufa namna gani?"

"Ni mamba, Fifi. Ilimukamata muguu ya kushoto, pale Puta."

"Woo!"

"Alikuwa naimba."

Hapo kilio changu kikapunguza mwendo. "Alikuwa anaimba nini?"

"Wimbo ya ubatizo. Na mamba ilingojea kwanza amalize ubeti."

Mamba aliyengoja ubeti uishe! Mustari huo niliujua. Niliuandika nyuma ya darasa.

"Tantine," nikasema, "jina la Papa Diacre ni nani?"

"Mwepu. Jina ya kwao, ni muke yake tu anamuitaka vile. Telefone aliiacha hapa, anaogopa mayi ya ziwa itaiharibu, na habari ikatokea pa kioo yake, na jina ya Mwepu."

Basi aliyekufa alikuwa kapitene wa hadisi tu. Ningeweza kunyamaza. Angerudi mwenyewe, na miye ningebaki yule mutoto aliyelia sana. Lakini Maman Diacre alikuwa kwenye mukeka, dada zake wanamufumua misuko mipya aliyosuka kwa harusi ya mupwa wake, na kando yake beseni la maji na wembe, kama inavyofanywa kwa mujane. Papa Diacre atarudi na mashua. Nywele hazirudi na mashua.

Nikasimama. "Musimunyoe! Ni miye nilimuua!"

(Najua. Kulikuwa na namna bora ya kuanza.) Wanaume wakainuka wote. "Nilimuua mu telefone!" nikaongeza, na sasa wakarudi nyuma, wakidhani ni uchawi. Mama akaangusha mwiko.

Nikaeleza muchezo, jukwaa, mabano, kila kitu, na hakuna aliyeelewa ila Tantine Bea, naye hakuniamini. "Kama ni weye uliandika, sema yenye kufuata. Kioo ilikata maneno pale pa kofia, na telefone iko na code."

Basi mbele ya kilio kizima, wembe ukiwa hewani, nikasema kwa sauti ndogo: "Kofia ikaelea, na samaki wote wa Mweru wakapiga makofi."

"Makofi?" akauliza Maman Diacre.

"Kwa mapezi, Maman."

Hakuna aliyecheka, na ndipo mutu akaingia uwanjani na gunia la samaki begani. Akaona umati, akatua gunia, akavua kofia yake nyekundu, akaketi kati ya wanaume akaanza kulia. Halafu akamuinamia jirani yake: "Ni nani?"

"Ni weye, Diacre."

Maman Diacre alimukumbatia, alimukumbatia kweli, halafu akavua sandali. "Diacre muzima! Unacheza na batoto mu telefone, na miye nalia!"

Kumbe naye alikuwa anacheza kwa siri! Tuliangaliana, miye na marehemu, kila mutu na aibu yake.

Masufuria ya kilio niliyasugua yote. Nilipofungua tena jukwaa nikakuta ujumbe: "(Fifi, hapa ni Kofia. Kapitene nimemuokoa mwenyewe. Naomba ruhusa: yule mamba anaweza kukumeza?)" Maisha yangu yote hakuna mutu aliyewahi kuniomba kitu kwa adabu namna ile.

"(Ruhusa, Papa.)"

Mpaka leo muvuvi wangu yuko mu tumbo la mamba, giza tupu, harufu sitaki kusema, na sisogezi kidole mpaka zamu yangu ifike. Humo ndani nimekuta mbu mmoja ananisumbua. Sijamuua. Nimeandika kwanza (samahani, mbu huyu ni wa nani?), na bado nangoja jibu.