Mume Aliyejiita Mwajiriwa

Ukitaka kuchoka kabla jua halijapanda, jitolee kumtetea mtu asiyetaka kutetewa. Kazi yangu ni kununua na kuuza mashine kuukuu. Nimebishana na wauzaji wenye macho makavu na wanunuzi wenye mikono mizito, lakini hakuna aliyenitoa jasho kama jirani yangu mwoka mikate, ambaye mtaa mzima unamwita Chachu. Jina hilo alipewa na mkewe. Alisema mumewe ni wa kuumuka polepole: umwambie jambo asubuhi, umfunike, umwache, jioni ndipo utaona dalili.

Mkewe ndiye aliyekuwa Bosi. Hata mimi nilimwita hivyo, na mimi siwaiti watu mabosi ovyo ovyo. Alikuja uani kwangu kutafuta tanuri, akalizunguka lile nililokuwa nalo, akaingiza kichwa ndani mpaka mabegani, akatoka na masizi puani.

"Hili limepasuka kwa ndani," akaniambia. "Unaniuzia tanuri au kaburi la mikate?"

Alilichukua kwa bei ambayo nikiikumbuka naumwa jino. Muda wote ule Chachu alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, kimya. Walipolifikisha kibandani kwao, yeye ndiye aliyeuziba ule ufa na kulijengea msingi, tofali kwa tofali. Tangu hapo kazi iligawanyika hivyo. Bosi alinunua unga na kuuza mikate. Chachu alikanda, akaumua, akaoka. Leseni, mkataba wa pango, akaunti ya benki, vyote vilikuwa kwa jina la Bosi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na subira ya kupanga foleni maofisini.

Hapo ndipo Chachu alipozua utani wake. Mteja akitaka kukopa, jibu lilikuwa moja: "Mimi mwajiriwa tu, muulize Bosi." Mkaguzi wa afya akija kukunja uso, mwajiriwa tu. Wachangishaji wa mtaa wakipita, mwajiriwa tu. Ulikuwa ujanja mzuri, siukatai; ningemwiga kama ningekuwa na wa kumsingizia. Na Bosi naye alikuwa akipaza sauti kutoka ndani, "Tena mwajiriwa mwenyewe leo kachelewa kuamka!" Watu wakicheka, wakopaji wakirudi mikono mitupu. Miaka ikapita, utani ukawa kama rangi ya ukuta, hakuna aliyeutazama tena.

Kisha Bosi akaanguka na maumivu ya kichwa, akapelekwa hospitali, hakurudi. Hawakuwa na mtoto.

Kaka wa marehemu alikuwapo msibani, amevaa suti ya kijivu. Watu walipotawanyika suti ile ikabaki, ikawa inaonekana asubuhi na jioni ikipima kibanda kwa macho. Siku moja ikaja uani kwangu.

"Tajiri," akaniambia Suti, "nina tanuri na mashine ya kukandia. Nakuuzia vyote, uje na gari uchukue."

"Vya nani?"

"Vya marehemu dada yangu."

"Na mumewe anasemaje?"

Akacheka. "Mume gani? Yule alikuwa mfanyakazi. Waulize wateja, kasema mwenyewe miaka yote. Nimeshampa barua ya kumwachisha kazi na mshahara wa mwezi. Sisi si watu wabaya."

Nilimwangalia nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamwambia kwangu hakuna biashara. Si wema, ni hesabu tu. Mali ya marehemu ukiinunua kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi, hujanunua mashine, umenunua kesi.

Nikavuka barabara mbio mpaka kwa Chachu. Nilimkuta anakanda, unga mpaka viwikoni, na bahasha ya Suti iko juu ya kichanja cha trei.

"Umeipokea?"

"Sasa ningefanyaje, jirani? Shemeji kanipa kwa mikono miwili."

"Hata jambia hutolewa kwa mikono miwili! Unajua ukipokea mshahara umekubali kwamba wewe ni kibarua?"

Akaendelea kukanda. "Mwanamume kurithi mali ya mke ni aibu. Watu watasema nilioa tanuri."

"Na ukifukuzwa hapa watasema nini? Watakununulia chakula hao watu?"

"Mungu hamtupi mja wake."

"Mja wake anajitupa mwenyewe!"

Nilichukua ile bahasha nikairudisha kwa Suti mwenyewe, mbele ya mashahidi. Kisha nikamburuta Chachu mpaka mahakamani, hata kuvua aproni alisahau.

Karani wa mirathi alikuwa mama mwenye miwani mizito na sauti ya mtu aliyejibu swali lilelile tangu ajira yake ianze. Akatueleza vizuri. Mke akifiwa na mume, mume akifiwa na mke, mbele ya meza ile ni sawasawa; mgane ana haki kama mjane. Mama wa marehemu akiwa hai naye ana fungu lake. Kaka hana lake hapo, isipokuwa mahakama ikubali kwamba dada yake hakuwa na mume.

"Haya," akasema, kalamu tayari. "Uhusiano wako na marehemu?"

Chachu akajikohoza. "Nilikuwa nikifanya kazi kwake."

Karani akashusha miwani, akanigeukia mimi. "Huyu ndiye uliyesema mume?"

"Ndiye, mama. Anachelewa kuumuka."

Cheti cha ndoa kilikuwapo, basi ombi likapokewa. Lakini Suti aliweka pingamizi. Cheti ni karatasi, alisema. Ndoa ilikwisha zamani, akabaki mwajiriwa.

Siku ya kusikilizwa tulijazana katika chumba chenye feni isiyozunguka. Mama yake Bosi alikaa benchi la mbele karibu na mwanawe, hatazami huku wala kule. Chachu hakuweza hata kumwinulia macho. Shahidi wa Suti alikuwa mwenye duka la kona, mtu mkweli kwa bahati mbaya.

"Mheshimiwa, kila nikiomba kukopa mikate alisema yeye mwajiriwa tu."

"Ulimwamini?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, mikate sikukopeshwa."

Chumba kikacheka. Hakimu akamgeukia Chachu. "Ni kweli ulikuwa ukisema hivyo?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

Basi! Hakuongeza neno. Hakusema hata kwamba ni utani. Nilitamani kung'ata benchi. Biashara nzima ilikuwa inamponyoka mtu huku ameshika kofia.

Kilichomwokoa ni ulafi wa mwenzake. Kosa la wauzaji wabovu wote ni hilo: mnunuzi ameshakubali, wao bado wanaongea. Suti alisimama, akanyoosha koti.

"Mheshimiwa, dada yangu alimhurumia tu. Alimpa kazi, akampa na pa kulala."

Chachu akainua kichwa. "Pa kulala wapi, shemeji?"

"Si hapohapo, chumba cha nyuma."

"Chumba cha nyuma kina kitanda kimoja." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hata karani aliacha kuandika. "Mimi nilijitania, hilo ni juu yangu. Lakini dada yako hakuwa mwanamke wa kulala na kibarua. Unamvua nguo mbele za watu, naye yuko kaburini, kwa ajili ya mashine ya kukandia?"

Suti akafungua mdomo. Mama yake akamwahi.

"Kaa chini."

"Mama, mimi nilikuwa namaanisha..."

"Nimekwambia kaa!" Kisha, bila kusimama, akamwambia hakimu, "Huyu alipokuja kumposa binti yangu nilimkatalia mara ya kwanza. Hakuwa na kitu. Mara ya pili nikamkubalia, maana binti alisema asipoolewa na huyu haolewi. Mume ni huyo. Mwingine simjui."

Hakimu akamtazama Chachu. "Bwana, mbele yangu unadai nini?"

Nilihesabu matofali ya ukuta nisije nikamjibia. Mtu amesukumiwa mlango mpaka umeachama, bado anatafuta ufunguo!

"Mimi ni mume wake," hatimaye akasema. "Nadai haki ya mume. Tanuri lisiuzwe."

Uamuzi ulipotoka, pingamizi lilitupwa na Chachu akateuliwa msimamizi wa mirathi. Suti alizuiwa kugusa chochote. Kwa fungu la mama mkwe, hakimu aliwaambia waelewane, ili kibanda kisivunjwe kwa ajili ya kugawana matofali.

Wakakaa benchi la nje, mimi kando ya Chachu nikiwa nimejiandaa. Hapo sasa ndipo penye kazi yangu. Mkwe ana haki, lakini haki ina kima, na kima hupunguzwa kidogo kidogo. Yule bibi akaanza. Alitaka sehemu ya mauzo ya kila mwezi, tena mauzo, si faida; mikate miwili kila asubuhi, na ya pembeni mwa trei, iliyoungua, haitaki; na paa la nyumba yake litazamwe kabla ya mvua. Nikajua Bosi alikojifunzia kubishana bei. Mtu yeyote mwenye akili angejibu kwa kuanzia nusu ya hayo.

"Sawa, mama," akasema Chachu.

Nilimkanyaga mguu chini ya benchi kwa nguvu zangu zote.

Akainama, akatazama viatu vyetu, akaniambia kwa upole, "Samahani, jirani. Nimekukanyaga?"