Bibi Harusi Asiyeagwa

Kaka yangu alipostaafu urubani, wenzake walinunua mashamba. Yeye akanunua ndege. Ililetwa Muleba kwa lori, vipande vipande, akaiunganisha kwenye ghala la kahawa la marehemu baba. Ilikuwa ndogo, ina mabawa mawili juu na mawili chini. Mzee mmoja wa nchi jirani aliijenga mwenyewe nyumbani kwake, ndiyo maana kwenye karatasi iliitwa ndege ya majaribio. Kazi yake ilikuwa moja tu, kupindukapinduka angani.

Mama alikuwa akipoteza macho kwa presha ya macho, na daktari alishatuambia hayatarudi. Kaka alitaka mama amwone akipinduka kabla giza halijatimia.

Kikwazo kikawa usajili. Yule mzee alishafariki, ndege kaiuza mjane wake, na huko kwao ilikuwa bado imesajiliwa kwa jina la marehemu. Wasipoifuta wao kwenye daftari lao, sisi hatupewi herufi zetu za usajili. Kaka akaanza kuitamani rweya, ile mbuga ya nyasi nyuma ya migomba yetu. Ni tambarare, ndege ingeruka bila shida, alisema, na kule nani angeuliza kibali?

Aliyeuliza ni mama. Alitaka kujua kama huyo omugole, yaani bibi harusi, ndivyo alivyoiita ndege, ameagwa kwao. Kaka akacheka, kisha akakiri kwamba bado.

"Asiyeagwa haingii kwangu," mama akasema. "Simpi hata kahawa ya kutafuna. Nenda ukamalizane na wakwe zako."

Kaka akamkumbusha habari ya macho. Mama akamjibu kwamba macho ni yake.

Nilimkasirikia sana. Lakini kaka alitii, akapanda basi hadi kwa mjane, wakazunguka ofisi za kule pamoja. Haraka haraka haina baraka, wanasema, ila mimi niliyebaki na mama niliona gharama yake: alianza kunitambua kwa hatua zangu.

Kibali kilipotoka, ndege ilihamishiwa Bukoba, kwenye uwanja ulio kando ya ziwa. Kaka akapaka herufi mpya ubavuni kwa mkono wake. Mama alikuja na akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ameifunga kwenye jani la mgomba. Akasema kwanza amsalimie mkwewe, na kabla hatujamzuia akaweka kiganja ubavuni. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Kaka aliporuka, mama aliinua uso. Injini ikapungua sauti, akaniuliza kama sasa yuko kichwa chini. Nikasema ndiyo. Alicheka hadi akajishika kiuno, nami hasira yangu yote ikaniisha palepale.

Herufi zile zimeshapakwa upya tangu siku hiyo. Kiganja kiko chini ya ile ya mwisho, vidole vyote vitano, na kaka akifika hapo huzungusha brashi taratibu asikiguse.