Nilifanya class names za Perl zisomeke, karani wa Oltepesi akanipigia simu

Wakuu, salamu kwenu. Hii ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Naishi Kitengela, bedsitter ya chumba kimoja, nafanya kazi za Perl peke yangu. Ndiyo, Perl, ile lugha ya zamani ya programu. Chekeni mmalize.

Kuna kikundi cha wafugaji kule Oltepesi, kwa Wamaasai, kina system ya zamani ya wanachama. Kando ya kila jina screen ilikuwa inatoa class name nzima, yaani jina la ndani ya programu la aina ya mwanachama: Ranch::Member::DeceasedMember. Karani wao, Mama Naserian, alikuwa anaruka hayo maandishi, kwake yalikuwa takataka za kompyuta.

Nikaandika function ndogo. Inakata kwenye ::, inachukua kipande cha mwisho, inaweka nafasi kabla ya herufi kubwa. Nikaunganisha na orodha ya tafsiri za Kiswahili, ikatoka safi: "Mwanachama Marehemu".

Nilifurahi, wakuu. Lakini hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Nikafunga laptop, nikapika ugali wa mtu mmoja.

Kesho yake simu ikalia, ya kwanza wiki hiyo. Ni Mama Naserian. Nikajua napewa hongera.

"Uliandika nini hapo kwa jina ya baba watoto wangu?" Bila hata supa, salamu yao.

Nikamweleza ni label tu, sasa inasomeka.

"Ndiyo nimesoma. Sisi huku mtu akishaenda hatutaji jina yake. Hapo mbeleni nilikuwa nalipita tu, sasa wewe umelibandika hiyo neno, kila asubuhi nikifungua ninalipata."

Niliona aibu. Kwetu Nyeri jina la marehemu tunalichonga kwa jiwe la kaburi, kwa hivyo sikuwaza hata kidogo kwamba kwingine linaumiza. Siku hiyo hiyo nikabadilisha: class hiyo isitoe jina wala label, itoe namba ya uanachama pekee.

Jioni akapiga tena. "Nimeona. Asante." Nikangoja akate. Hakukata.

"Huko Kitengela uko na watu?"

Nikamwambia niko na kazi mingi.

"Sijauliza kazi."

Nikasingizia network, nikakata simu.

Nilichojifunza: kabla hujafanya kitu kisomeke, uliza ni nani atakisoma.

Hilo swali lake lingine bado linanisumbua. Wale mnaofanya kazi peke yenu kama mimi, nani huwapigia simu isiyo ya kazi? Semeni ukweli hapo chini, nitasoma zote.