Jina Langu Lilibaki Sur

Nikikisimulia kisa hiki watu hucheka, na mie hucheka nao, lakini cheko langu haliteremki kooni. Nyinyi mnanijua, mie si mtu wa kusema mbele za watu, basi ingelikuwa aibu ndogo ningeimeza kimya kimya kama nilivyozimeza nyengine.

Hara yetu, yaani kitongoji chetu, ni nyumba chache tu chini ya mlima, haina afisi wala baraza lake, kwa serikali sisi tumo ndani ya wilaya ya Izki na huko ndiko kura zetu zinakohesabiwa, pamoja na za watu wa mjini ambao wengi wao hata njia ya kuja kwetu hawaijui. (Njia yenyewe inapita ndani ya wadi, bonde kavu la mto, na wadi likishuka maji hapana wa kutoka wala wa kuingia, hata gari la maji ya kunywa linageuzia ng'ambo.) Ndiyo maana Mjomba Seif, kaka yake mama, akagombea baraza la manispaa. Hakutaka jengine ila daraja. Alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akisema, "Wa mjini watagawana kura zao kwa watu wengi. Sisi wa huku tukishikana, tunapita."

Sasa, sisi wa nyumba yetu tulihamia hapa kwa bibi baada ya baba kufariki. Kabla ya hapo tulikuwa Sur, mji wa pwani, na baba mwenyewe ndiye aliyetuandikisha kura huko, mama, dada zangu, mke wa kaka, na mie nilipofika umri. Siku moja, zamani kabla ya uchaguzi, Mjomba akanikuta naanika tende akaniuliza, "Majid, mmeshahamisha majina kutoka Sur?"

Mie sikujua hata anazungumza nini, nikaona nikiuliza nitaonekana mjinga, na vijana wenzangu walikuwapo hapo wanasikiliza, basi nikamjibu, "Tayari, Mjomba."

"Na mama yako? Na wale wasichana?"

"Wote tayari."

Akanishika bega, akaenda zake kwa furaha. Na mie sikuwa na nia ya kudanganya, wallahi. Siku hizi kura inapigwa kwa simu, unaweka kitambulisho nyuma yake, inakupiga picha ya uso, kisha majina ya wagombea yanakuja, na mie kwa akili yangu nikadhani simu itajua nimesimama wapi, kama inavyojua ukitafuta njia kwenye ramani. Mama aliponiuliza kama kuna la kufanya nikamwambia, "Mnalala hapa, mtapigia hapa." Akaniridhia, kwa kuwa nyumbani mie ndiye fundi wa simu.

Siku ya kura watu walijaa kwenye sabla, ule ukumbi wetu wa kukaa wanaume, kahawa inazunguka na halwa, na wanawake wako chumba cha pili, mlango uko wazi. Wazee wakawa wanaogopa kukosea. Mjomba akasema, "Majid, iunganishe simu yako na televisheni ya ukutani, wazee waone inavyofanywa. Ukifika kwenye majina, simama." Nilitaka kukataa, ila hata kukataa nako kunataka maneno, basi nikainuka.

Kwanza ukaja uso wangu, ukajaa ukuta mzima, jasho linanitoka na mdomo uko wazi kama samaki. Sabla nzima ikacheka. Jirani yetu Khalfan, ambaye ulimi wake hauna pazia, akasema, "Mashallah, na huyu naye anagombea?" Wakacheka tena, na mie nikacheka, kisha yakaja majina na picha za wagombea.

Watu wakawa wanasoma. Juu ya orodha imeandikwa Sur.

"Seif," akasema Khalfan, "mpwa wako anakutafuta kwa wavuvi!"

Kicheko kikapasuka, na mie nataka kuliondoa lile balaa ukutani, nikabonyeza nikidhani narudi nyuma, kumbe nimemchagua mtu, ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza tena ili inyamaze. Ikanishukuru kwa kupiga kura. Mzee mmoja wa Sur mwenye ndevu nyeupe, nisiyemjua wala hanijui, alipata kura yangu mbele ya watu wangu wote, na kura ya simu ikishakwenda hairudi.

Hapo bado walikuwa wanacheka, hata Mjomba. Ndipo mama akaita kutoka chumba cha pili, "Majid, mbona na mie naona majina ya Sur?" Dada yangu Zuwena akadakia, "Hata mie!" Na mke wa kaka naye, kwa sauti ndogo, "Na mie pia."

Hakuna aliyecheka tena. Mjomba akaniangalia. "Si uliniambia tayari?"

Muda wa kuhamisha majina ulikuwa umeshapita zamani. Akakiweka chini kikombe chake, akawageukia wazee, akaanza mwenyewe kuwasaidia mmoja mmoja kwa simu zao, na mie nikabaki nimesimama, uso wa yule mzee wa Sur bado uko ukutani kwa kuwa nilisahau hata kuizima.

Usiku matokeo yakatoka. Mjomba alishindwa, na kura alizopungukiwa zilikuwa chache kuliko sisi wa nyumba yetu.

Asubuhi nikamwendea. Hakunigombeza, bora angelinigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniuliza, mwanangu?"

"Niliona haya, Mjomba."

"Haya," akasema, akatikisa kichwa, "umeiweka pahala sipo."

Muda wa kuhamisha majina ulipofunguliwa tena nikawachukua wote mpaka afisini Izki. Nilimuuliza afisa wa hapo neno moja mara kadhaa, hata waliokuwa nyuma yangu wakaguna, mmoja akasema, "Kwani huyu haelewi?" Nikamgeukia nikamwambia, sielewi, ndiyo maana nauliza. Na sitojibu tena "tayari" kwa jambo nisilolijua, hata nikichekwa na wilaya nzima.

Majina yetu sasa yako Izki. Ila Mjomba amesema hagombei tena.