Pipa Limetoka Nyuma ya Pazia

Mtaa mzima ulimjua msusi yule kwa mambo mawili: nywele alizosuka hazikufumuka kabla ya wakati wake, na mdomo wake haukuomba ruhusa kwa mtu. Alipojiunga na chama cha watazama nyota, wale wanaopanda juu ya paa la duka la vifaa kila Jumamosi jioni kupokezana darubini moja iliyochoka, kaka yake alicheka mpaka akakohoa. Chama kilipomkabidhi kazi ya kusaga kioo cha darubini mpya, kaka hakucheka tena.

Kusaga kioo ni kuzunguka. Unaweka kioo kinene juu ya pipa, unanyunyiza maji na unga wa msasa, unaweka cha pili juu yake, kisha unasukuma na kuvuta huku ukilizunguka pipa polepole, ili kile cha juu kibonyee sawasawa kila upande. Unaanza na unga wa chembe kubwa, unamalizia na ulio laini kama poda ya mtoto. Miezi inakwenda hivyo. Pipa lilikaa chumba cha nyuma cha saluni, nyuma ya pazia. Kila mteja alipoketi chini ya mashine ya kukausha nywele, msusi aliingia huko akazunguka.

"Una wajukuu, dada yangu," kaka alimwambia. "Watu wanakuchungulia unavyozunguka kama mbuzi wa kambani. Lakini ndiyo hivyo, sikio la kufa halisikii dawa."

"Langu lina hereni, kaka. Halina ugonjwa."

Ikaja siku aliyokuwa akisaga kwa unga laini wa mwisho. Alikiinua kioo, akakifuta kwa aproni aliyoivaa, akakirudisha. Kumbe ni ile aproni ya siku za mwanzo, na kwenye pindo lake ilibaki chembe moja ya ule unga mkali. Aliposukuma, kioo kililia krrr. Mkwaruzo ulitoka ukingoni ukafika katikati. Alikaa sakafuni akalia kwa hasira, maana aproni safi zilikuwa zinaning'inia mlangoni, zinamtazama.

Mwenyekiti wa chama, fundi redio mpole anayesema kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala, alikuja kesho yake.

"Hakuna anayekulaumu, mama. Lakini tumeshawaalika watu wa mtaa waje kutazama mwezi. Tumpe fundi vioo amalizie. Ana mashine."

"Ana mashine ya kukata vioo vya madirisha. Koleo likivunjika, uhunzi umekwisha?"

"Haujaisha."

"Basi niachie kioo changu."

Mwenyekiti alikuna kichwa. Walikubaliana wageni wasubiri: mwezi ukiandama mara ya tatu kabla hajamaliza, kioo kitakwenda kwa fundi.

Ndipo msusi akafanya jambo ambalo hata mwenyekiti hakulitegemea. Aling'oa pazia, akaliviringisha pipa mpaka mbele ya saluni, penye dirisha kubwa la barabarani, akaanza upya na unga wa chembe kubwa. Kila aina ya unga aliipa aproni yake, na ole wake atakayezigusa. Mteja mmoja alihama, akisema hawezi kusukwa na mtu anayezungukazunguka. Aende salama. Wengine walizoea, wakawa wanamuuliza kioo kimefikia wapi kabla hawajauliza zamu yao.

Kaka akaja, akasimama mlangoni. "Sasa unatuaibisha mchana kweupe."

"Nilipokuwa nyuma ya pazia ulisema watu wananichungulia. Nimetoka, unalalamika tena. Kaa nikunyoe, au pisha mwanga."

Alipisha mwanga.

Mwezi ulipoandama mara ya tatu, kioo kilikuwa kimeshapakwa madini ya kung'aa na kufungwa ndani ya darubini. Siku chache baadaye, mwezi ulipofika nusu, walioalikwa walijaa juu ya paa kabla giza halijaingia vizuri. Msusi alisimama kando ya darubini aliyoihangaikia, roho yake imejaa, kidevu juu. Kaka yake alifika amevaa koti, akapita moja kwa moja mbele kama alivyozoea kupita kwenye shughuli za ukoo.

"Foleni inaanzia kule ngazini, kaka."

Kaka alimtazama dada yake, akarudi ngazini. Zamu yake ilipofika aliinama, akatazama, akakaa hivyo mpaka wa nyuma wakaanza kunung'unika.

"Haya mashimo," aliuliza bila kuondoa jicho, "yapo siku zote?"

"Siku zote. Sogea, wenzio wanasubiri."

Alisogea, akaelekea ngazini. Msusi alidhani amekwenda zake. Alipoinua macho baadaye, alimwona amesimama mwisho wa foleni, koti amelivua na kulishika mkononi.

Hakumwita mbele.